Meza ya Reine du Lac

Mzee aliyebisha mlango wetu Jumatano ile alirudi nyuma hadi kwenye mapipa ya taka kabla sijafungua, akasimama pale na barakoa yake, mikono ameiweka mgongoni. Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri. Amri ya kutotoka nje ilikuwa imeondolewa mapema mwezi ule, lakini hapa Mount Druitt, pembezoni mwa Sydney, watu walikuwa bado hawajarudia kutembeleana. Majira yote ya baridi, waliobisha milango yetu walikuwa askari waliokuja kuhakikisha kama tumo ndani.

"Dorothea!" Njeri, ninayeishi naye, aliita kutoka dirishani. "Kuna mzee amevaa suti. Kama anauza bima, mwambie hapa hakuna kitu ya kukatia bima."

Nilitoka barazani. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Weye ndiye Mademoiselle Dorothea wa kwenye Zoom?"

"Ndiye mimi."

"Miye naitwa Siméon. Umeniharibia nyumba yangu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeniarifu kwamba gari langu limeachwa na taa zikiwaka. Nilimwomba akae kwenye kiti cha baraza. Alikiangalia kile kiti, akashukuru, akabaki amesimama.

Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya utalii mwezi wa sita, humohumo chumbani mwangu, na kofia ya mahafali nikaletewa kwa posta. Utafiti wangu ulihusu hoteli kubwa za kando ya maziwa yetu: jinsi reli na meli za mvuke zilivyofungua njia, jinsi matajiri wa Ulaya walivyoanza kuja na masanduku yao kutazama jua likizama Tanganyika, na jinsi kila kitu kilivyoletwa tayari kwa ajili yao, mpaka barafu, mpaka piano. Niliamini, na bado naamini, kwamba tukijua vizuri namna utalii ule ulivyoanza, tunaweza kujenga mwingine ambao hautamwacha mtu mlangoni. Jumamosi iliyotangulia, kanisa la Waswahili la hapa kwetu lilikuwa limeniomba nizungumze habari hizo kwenye Zoom. Nilionyesha picha. Nilieleza juu ya Reine du Lac ya Bujumbura, hoteli nyeupe yenye baraza refu lililotazama maji. Kisha nikamalizia, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba leo pale pamebaki ghala la saruji tu.

"Miye nilifanya kazi pale," Mzee Siméon alisema. "Serveri. Nilihudumia mezani, toka kijana mpaka ule mwaka wa sabini na mbili tulipokimbia mauaji."

"Babu! Ningejua, ningekutafuta nikuhoji."

"Si hiyo imenileta. Mke wangu, Brigitha, alifua mashuka ya hoteli, kule nyuma. Watu ya kufua hawakuruhusiwa kufika barazani, hata kupita tu. Siku namuoa nikamwahidi: siku moja utaketi pale, uangalie ziwa, na watu wakuhudumie." Aliipandisha barakoa yake. "Miye nilijua hoteli iko imebomolewa. Nilijua miaka mingi. Yeye ndiye hakujua. Sasa alikusikia. Toka Jumamosi hali. Uji kidogo anakunywa, chakula hapana. Jumatatu anakuja muuguzi wa kuamua kama apelekwe kwenye makao ya wazee."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Njeri alifanya kazi katika makao kama hayo. Mwaka ule wote alituhadithia juu ya watoto waliokuja kuwaona mama zao kupitia kioo cha dirisha, wakiweka viganja juu ya viganja.

"Unataka nifanye nini, babu?"

"Uje umwambie umekosea. Useme ilikuwa hoteli nyingine."

Nilikuwa na imani kubwa na ukweli. Nadhani ndiyo sababu nilipenda historia. Lakini nilimwona yule mzee akinyoosha kikunjo cha suti ambacho hakikuwepo, nikasema nitakuja jioni.

Walikaa mitaa mitatu kutoka kwetu. Mlango ulifunguliwa na mjukuu wao, Kelly, msichana wa kama miaka kumi na tisa aliyekuwa amevaa sare za supamaketi. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaniitikia kwa Kiingereza na kunionyesha meza kwa kidevu. "Good luck," alisema.

Bibi Brigitha aliketi peke yake kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Baadaye nilijifunza kwamba Mzee Siméon alikipigia pasi palepale juu ya meza. Mzee alikuwa ameshavua koti na kutundika serveti, kile kitambaa cha wahudumu, mkononi. Alileta supu, akaiweka kutoka upande wa kushoto, akarudi nyuma hatua mbili na kusimama nyuma ya kiti cha mkewe, kidevu juu. Mbele ya bibi palikuwa na kiti cha pili. Juu yake palikuwa na rundo la nguo zilizokunjwa.

"Bibi," nilianza, na nilihisi uso ukinichoma chini ya barakoa, "nimekuja kukuomba radhi. Siku ile kwenye Zoom nilikosea. Ile hoteli—"

"Siméon," bibi alisema bila kunijibu, "nitafutie miwani yangu."

"Unayo usoni."

"Ile ingine."

Mzee alikwenda chumbani. Bibi alinigeukia haraka kama mwanafunzi ambaye mwalimu ametoka darasani.

"Mtoto mzuri, uongo hukuufundishwa, usijaribu. Hoteli imebomolewa. Mimi najua tokea kambini, kule Mtabila, Tanzania. Alikuja mwanamke kutoka Bujumbura akaniambia pale wameweka magunia ya saruji. Nikanyamaza."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu yake yeye. Niliona ndiyo kitu pekee amebakiza. Ningemnyang'anya nimpe nini?"

Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa amemfichia mwenzake jambo lilelile.

"Basi mbona huli?"

Aliangalia mlango wa chumbani, akateremsha sauti. "Ulituonyesha picha. Wazungu wameketi, na wanaume yetu wamesimama nyuma ya viti. Nikageuka nimwambie, angalia, ni ninyi hawa. Yuko wapi? Amesimama nyuma ya kiti changu. Vilevile! Mikono vilevile. Hapo ndipo chakula kilinishinda." Alikisogeza kijiko. "Aliona hawezi kunipeleka barazani, basi akaniletea baraza nyumbani. Toka kambini, mtoto, kama kuna sahani, ananihudumia na anasimama. Yeye anakula jikoni, wima, baadaye. Watu wananiambia, mama, una bahati. Nami niliona ni bahati. Sasa mimi ni mzee, na sijawahi kula na mume wangu. Nimekuwa mgeni wake."

"Umemwambia aketi?"

"Kila siku. Nikimwambia keti, ananiuliza kama supu imepoa."

Kelly, aliyekuwa akivaa viatu karibu na mlango, alicheka peke yake. Kumbe alikuwa akielewa kila neno.

Mzee alirudi na miwani. Sikujua pa kuanzia, nikaanza pale ninapopajua. Nilimuuliza namna zamu zilivyokwenda Reine du Lac. Aliniambia kwamba meza yenye mgeni haikuachwa peke yake hata kidogo. Mwenzako alipofika kukupokea, aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti na kusema, "Meza yangu." Wewe ukamweleza juu ya mgeni, anapenda nini na hapendi nini, halafu ukasema, "Nakuachia," ukaondoka. Kabla ya hapo hukuondoka hata kama nyumba inaungua.

"Na siku ya mwisho?"

"Siku ya mwisho mwenzangu alikuwa Balthazar. Aliniambia, Siméon, nitakuja saa saba, usiogope. Mjini tulisikia risasi. Wageni waliondoka, lakini meza yangu ilikuwa na mzungu mzee aliyekataa kuondoka mpaka amalize kahawa. Nikasimama. Nilingoja mpaka jioni." Alirekebisha serveti mkononi. "Balthazar hakuja. Mpaka leo hakuja. Patroni, mkubwa wa hoteli, akanisukuma kwa mlango wa jikoni, nikakimbia kumtafuta Brigitha." Kisha akatabasamu kwa aibu. "Najua ni ujinga. Lakini nikitaka kuketi, mwili unakataa. Unasema bado hujapokewa."

Bibi alikuwa akiitazama supu yake. Kumbe hata hilo alikuwa hajawahi kusimuliwa lote.

"Nikija mimi kuipokea?" niliuliza.

"Weye?" Alinipima kwa macho. "Weye una digrii. Unaweza kubeba sahani mbili mkono mmoja?"

"Hapana."

"Utamwagia mgeni."

"Nitamwagia. Lakini nitakuwa nimekupokea."

Alicheka, kisha akaacha. Alimwangalia mkewe kwa muda, kisogo chake, kwa kuwa ndicho alichokuwa akikiona kutoka pale aliposimama.

"Service kubwa, ya chakula cha mchana, ilikuwa Jumapili," alisema mwishowe. "Saa saba. Asubuhi anakuja mtu wa kumwogesha na kumpa dawa, kabla ya hapo haiwezekani."

"Jumapili saa saba."

"Akiketi, nitakula," Bibi Brigitha alisema. "Lakini usiahidi kama hutakuja. Yule mwingine pia aliahidi."

"Nitakuja, bibi."

Sasa nieleze juu ya kazi. Tangu mwezi wa saba nilikuwa nikikunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia huko Seven Hills. Mengi yalitoka kwenye hoteli za mjini ambako wasafiri walifungiwa karantini. Yalikuja kwenye mifuko ya plastiki myekundu, nasi tuliyapokea tumevaa kama madaktari. Kila mapumziko niliandika maombi ya kazi. Moja nililituma mara tatu, kwenda hoteli kongwe iliyo kando ya ziwa, mbali na mji. Ilijengwa enzi za treni za mvuke, matajiri wa Sydney walipoanza kusafiri kwa starehe, na wajakazi wao wakiwafuata na masanduku. Nilikuwa nimeiandikia sura nzima. Niliota kufanya kazi mahali kama pale, nijifunze kila kitu, halafu nirudi Kigoma kufungua nyumba ya wageni ambamo hata mama anayefua ana meza yake barazani.

Walinipigia Jumamosi jioni. Serikali ilikuwa imeruhusu watu wa mjini kusafiri tena kuanzia Jumatatu, na hoteli ilikuwa imejaa. Kijana waliyemchagua alikuwa ameugua. Je, nilikuwa nimechanjwa? Je, ningeweza kuanza? Basi la wafanyakazi lingeondoka Penrith kesho saa sita na nusu mchana, mafunzo ni jioni, na asubuhi milango inafunguliwa.

"Naweza kuja na treni ya jioni?" niliuliza.

Mama yule wa upande wa pili wa simu hakuwa mkali. Alisema pole, hawezi. Baada ya mafunzo hakuna atakayekuwa na nafasi ya kunifundisha, na ana jina lingine chini ya langu. Nilimwomba nusu saa.

"Nusu saa ya nini?" Njeri aliuliza. Alikuwa amesikia yote kutoka jikoni, kijiko mkononi. "Doro, we ni mgonjwa? Miezi mitatu unalilia hii job. Unaiachia juu ya lunch ya wazee? Mimi nitaenda nisimame hapo nyuma ya kiti. Hata nitaimba."

"Niliahidi mimi."

"Ahadi gani! Ulijuana nao Jumatano."

Hakuwa na ubaya, na alikuwa na haki. Nilimpigia Mzee Siméon. Nilimweleza bila kuficha, na moyoni nilitumaini ataniachilia. Akaniachilia mara moja.

"Nenda, mwanangu. Kazi ni kazi. Hata miye ningeenda."

"Utamwambia nini bibi?"

"Nitamwambia umepata safari."

"Naye atakula?"

Nilisikia televisheni kwa mbali, na Kelly akiuliza jambo. "Nitampelekea supu," alisema.

Kichwani nilimwona akiipeleka. Nilimwona akirudi nyuma hatua mbili. Nikamwona muuguzi wa Jumatatu akiangalia sahani iliyojaa.

Nilipiga tena hotelini, nikasema siwezi. Mama yule alinitakia heri, na nilisikia akifunua karatasi kutafuta jina linalofuata. Nililia bafuni, nikafungua bomba ili Njeri asisikie. Alisikia. Nilipotoka, nilikuta ameniwekea kitandani suruali yake nyeusi ya kazini, imepigwa pasi. "Vaa hiyo," alisema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Serveri havai jeans."

Kesho yake nilitembea kwenda kwa Mzee Siméon chini ya jua kali. Jakaranda zilikuwa zimemwaga maua mpaka barabarani. Watu walikuwa wakipakia mahema na baiskeli kwenye magari, tayari kuondoka mjini alfajiri itakayofuata, na niliwaonea wivu kila mmoja. Saa saba ilipofika nilikuwa mlangoni.

Bibi Brigitha alivaa kitenge kipya na hereni. Kelly alikuwa ameondoa rundo la nguo kwenye kiti cha pili, na kiti chenyewe kilionekana kigeni, kama kimenunuliwa asubuhi ile. Mzee alisimama mahali pake, serveti mkononi. Hakunisalimia. Nilielewa kwamba watu wa zamu hawasalimiani mbele ya mgeni.

Niliweka mkono wangu kwenye mgongo wa kiti, karibu na wake.

"Meza yangu."

Hakusogea. Niliziona kucha zake zikigeuka nyeupe kwa jinsi alivyokishika kile kiti. Jikoni sufuria ilichemka mpaka mfuniko ukaanza kugonga, na hakuna aliyekwenda kuupunguza moto.

"Mgeni hapendi pilipili," alisema mwishowe, akitazama mbele.

"Ndiyo."

"Goti la kushoto linamuuma. Usiliguse unapopita."

"Ndiyo, babu."

"Mkate umkatie kabla, vidole vyake havina nguvu. Lakini umkatie jikoni, asione. Maji ya baridi hapana. Akisema ameshiba, ngoja kidogo, si kweli. Akinyamaza sana anamfikiria mtoto wetu tuliyemzika njiani, basi usimsemeshe, simama karibu tu. Ndiyo yote."

"Nimesikia yote."

"Nakuachia."

Aliondoa mkono, kidole kimoja kimoja. Akanitundikia serveti. Akazunguka meza, akavuta kiti, akaketi kwenye ukingo wake kama mtu anayengoja kuitwa ofisini, na kwa mara ya kwanza wakatazamana juu ya kitambaa kile cheupe.

Bibi alimwangalia kwa muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Ni leo umeona?"

"Ningeona wapi? Siku zote uko nyuma yangu."

Nilikwenda jikoni kuleta supu, na pia kwa sababu sikutaka wanione. Kelly alikuwa ameegemea friji, akijipangusa macho kwa mkono wa shati lake. Tulikata mkate pamoja, vipande vidogo.

Niliporudi walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Tungefanya hivi hata Mtabila," bibi alikuwa akisema.

"Mtabila hatukuwa na kiti."

"Tulikuwa na chini, Siméon. Watu wote waliketi chini na kula."

Mzee alishika kijiko, akakiweka, akakishika tena. "Nilidhani nakutunza," alisema. "Nilidhani ndiyo kukutunza."

"Ulinitunza. Kula."

Akala. Bibi naye akala, polepole, kijiko baada ya kijiko, bila kuyaondoa macho kwake, kana kwamba angepunguza kumtazama angemkuta tena nyuma ya kiti. Nilirudi nyuma hatua mbili. Nilifikiria basi, lililokuwa sasa limeshaivuka Penrith, na msichana au kijana asiyenijua aliyeketi kwenye kiti changu akitazama milima. Sitasema sikujuta. Nilijuta nikiwa nimesimama palepale, na nilibaki nimesimama.

"Mademoiselle," Mzee Siméon alisema ghafla, bila kugeuka, kwa sauti ya bwana mkubwa. "Hii supu ina chumvi nyingi."

"Umeipika mwenyewe!" bibi alimwambia.

"Miye ni mgeni. Mgeni analalamika."

Walicheka wote wawili, na bibi akakohoa, nami nikakimbilia jagi la maji. Nilimimina kwa haraka mno. Maji yalimwagika mezani, yakatambaa kwenye kitambaa mpaka kwenye sahani ya bibi, na Mzee Siméon akaruka, mikono mezani, magoti yamekwishanyooka nusu.

Nilimwekea mkono begani.

"Keti, babu," nilisema. "Nitapangusa mimi."

Alibaki hivyo, katikati ya kusimama na kuketi, akiangalia maji yakienea. Kisha akarudi kitini, safari hii mpaka nyuma kabisa, mgongo ukaegemea.